Planton na Makaratasi ya Kapitene

Mu quartier yetu hapa Likasi, ukiuliza jina ya ule muzee, bantu batakuangalia sawa vile unauliza jina ya mvula. Planton, basi. Batoto banamuita Planton, bibi yake anamuita Planton, na siku moya yeye mwenyewe alijigonga kidole pa mulango, nikamusikia anajitukana: "Ah, Planton, muntu ya bule weye!"

Planton ni kazi. Ni ule muntu mwenye anaikalaka pa mulango ya biro ya mukubwa. Banamupatia karatasi, anapeleka mu biro ingine, anarudia, anaikala tena. Yeye alifanya ile kazi ku mission moya ya Baamerika miaka mingi, paka mission ikafunga, biro ikaanguka, mulango yenyewe bantu bakaiba. Yeye akabakia planton. Planton ya nani? Ya sanduku moya ya chuma.

Sikia muzuri juu ya ile sanduku, juu maisha yake yote ilizunguka pale. Mu sanduku mulikuwa makaratasi ya kapitene moya ya Amerika, solda ya zamani sana, wakati ya kupigana yulu ya farasi. Barua yake kwa bibi, barua ya bibi kwake, karatasi ya serikali yabo na picha ya ndege ya kukasirika, mapicha, nywele ya mutoto ya kufungwa mu kakaratasi. Ule Kapitene alikuwa nkambo ya Mademoiselle, babu yake ya zamani, na Mademoiselle, muzungu mwanamuke murefu, njo alikuwa mukubwa ya Planton ku mission. Aliyaleta huku Kongo juu alitaka kuandika kitabu ya nkambo yake saa kazi inaisha. Weye unaona kazi inaishaka? Hakuandika hata mustari moya.

Kisha fujo ikaingia mu inchi. Gari ikakuya kuchukua bazungu, kila muntu valizi moya, haraka haraka. Mademoiselle akakokota sanduku paka pa mulango, akamuambia na ile ulimi yake yenye ilikuwa inazunguka mu kinywa sawa pipi: "Planton, chunga hii. Muntu ya jamaa yangu atakuya kuitafuta. Utamupatia mu mikono. Mu mikono, Planton!" Akapanda gari. Hakurudia. Alikufwa kule kwabo. Na Planton akabakia na safari moya yenye hakufanya bado.

Ngoya nikuonyeshe vile alikuwa anatembea. Mabega yulu, tumbo mbele, kinywa ya kufunga. Karatasi hapa pa kifua, na mikono mbili, sawa mama mwenye anatoka kuzaa ku maternité. Saa anafika kwako, anakohoa, kisha anasemea mu pua: "Voilà. Papier." Hata ikuwe tangazo ya kanisa, hata ikuwe kakaratasi ya mwalimu ya kusema mutoto yako anauma benzake, ni paka "Voilà. Papier." Na alikuwa anapeleka ya kila muntu bila kumuomba. Akikuona na karatasi mu balabala, anakunyanganya: "Hii inaenda wapi?"

Siku moya minye niko mu bafu, ile bafu yetu ya mabati kule nyuma ya nyumba. Sabuni mu macho, niko vile mama yangu alinizaa. Nasikia kukohoa. Mukono inapita yulu ya bati, karatasi inatikisika.

"Voilà. Papier."

"Planton! Niko uchi!"

"Siangalie. Kamata."

"Weka chini!"

"Chini haiko na mikono, Mama."

Nikakamata na sabuni yangu. Kumbe ni bantu ya choir banabadilisha saa ya mazoezi, na minye siimbake mu choir! Ilikuwa ya jirani, mama ya lupangu ya pili. Nilipiga kelele paka kuku ikaruka. Yeye hakuona haya. Anasema: "Sasa upelekee mwenyewe. Mu mikono."

Usizani namucheka juu ya roho mubaya. Ukoo yake na ukoo yangu tunatukanana tangu bankambo, kwetu ile ni salamu. Yeye ananiita "bibi yangu ya bule", juu hakutoa mahari. Minye namuita "mulinzi ya ndevu", juu ya picha ya Kapitene yenye alitundika mu salon: ndevu sawa fagio ya kufagia lupangu, macho sawa muntu mwenye viatu inamubana. Siku yenye sikumutukana, anatuma mutoto kuuliza kama niko mugonjwa.

Na kintu moya sikuielewa hata leo. Planton alikuwa anayua kusoma. Ku kanisa alikuwa anasoma Biblia mbele ya bantu bote, sauti sawa ngoma. Lakini makaratasi ya kazi, hapana. "Planton hasomake. Planton anapeleka." Nikamuuliza: "Miaka yote hii hukufungua hata moya?"

"Ni ya bantu."

"Bantu benyewe balikufwa!"

"Njo mubaya zaidi. Nani atanipatia ruhusa?"

Sanduku ilikuwa nzito. Basi wakati bavijana balianza kuchimba kwa kujificha kule Shinkolobwe, kwenye serikali ilikataza juu majiwe yake iko na sumu, habari ikazaliwa: Planton eko na majiwe ya Shinkolobwe mu nyumba! Jirani yake ya ukuta moya akahamisha kitanda upande ingine. Anasema juu ya ile majiwe nywele yake inaanguka. Mwongo! Nywele ya ule bwana ilianza kuanguka mbele hajaoa, minye nilikuwa ku ndoa yake, nilimuona. Bantu bakakuya kukusanyika pa mulango ya Planton, banataka afungue. Akatoa sanduku inje, akaifungua yeye mwenyewe, akasimama pembeni na fimbo: "Angalieni. Musiguse." Bakaangalia. Ndevu, ndevu, farasi, ndevu. Moya akauliza na sauti ya chini: "Ni bankambo yako, Muzee?" Planton akafunga sanduku. "Ni bankambo ya bantu."

Bibi yake sasa! Kamwanamuke kadogo, sauti sawa filimbi ya arbitre ya mupira. Hakuipenda ile sanduku hata siku moya. Anasimama katikati ya lupangu, mikono ku kiuno: "Mweye bote munisikilize! Batoto yangu hakuna hata moya eko na acte de naissance, karatasi ya kuzaliwa! Baba yabo alipoteza karatasi yabo, na kipande yake, na karatasi ya ndoa yetu! Lakini bibi ya Kapitene eko na karatasi ya ndoa! Farasi ya Kapitene eko na karatasi! Farasi!"

Na ni kweli, ile farasi ilikuwa na karatasi yake na stempele.

Planton anamujibu polepole, mu pua: "Batoto yako beko hapa, unabaona na macho. Ile farasi utaionea wapi?"

Hakuna bwana mwenye aliwahi kuwa mukali na bantu bazima na laini na bafu, bale benye balikufwa, sawa ule. Bibi yake anaomba maji, hasikie. Kapitene hakuomba kintu, lakini kila kipwa, saa mvula iko mbali na jua iko kavu, Planton anamuanika. Anatandika mikeka mu lupangu muzima, anapanga makaratasi moya-moya sawa vile sisi tunaanika mihogo, jiwe kadogo yulu ya kila moya juu ya upepo. Ile siku hakuna kufagia, hakuna batoto kukimbia, hakuna kutwanga, juu vumbi. Kuku yangu moya ikapita yulu ya barua, ikaweka stempele yake. Planton karibu alie. Minye nikamuambia: "Sasa iko officiel."

Kisha muchwa ikaingia mu sanduku, ikala pembeni moya, na makaratasi ikachanganyika. Hakuyua sasa gani inatangulia na gani inafwata. Njo pale alienda kuomba pasteri yetu, juu pasteri alisoma ku Zambia, anayua kingereza. Pasteri asome, apange kwa mupango, basi. Planton mwenyewe akaikala kule mbali, mugongo kwetu, sawa muntu mwenye hasikie kintu. Lakini kila saa: "Na bibi alijibu nini?"

Sisi bamama tulileta viti. Pasteri alikuwa anasoma na ile sauti yake ya maziko, minye narudilia na sauti ya Kapitene. Barua ya kwanza: "Bibi yangu, huku matope." Barua ingine: "Bibi yangu, huku nyama ni ngumu." Ingine: "Bibi yangu, jino." Ingine: "Bibi yangu, farasi inaniuma." Na mwisho ya kila barua: "Juu ya nini hauniandikie?" Solda gani huyu! Sisi bote tukasimama upande ya bibi. Siku pasteri alipata jibu ya ule mama, lupangu ikajaa paka ku balabala. Ule mama anasema: mutoto eko na homa, paa inavuja, ngombe ilikufwa, na weye unaniandikia jino! Tukapiga bikelekele. Mama moya akasema: "Huyu ni wa hapa Likasi, munatudanganya." Paka leo, mu quartier yetu, bwana akianza kulalamika, bibi yake anamuambia: "Eee, Kapitene, jino inakuuma tena?"

Tulicheka vile siku mingi. Kisha siku moya pasteri akasoma mu roho, hakusoma na sauti.

"Soma, Pasteri."

"Hapa haiko muzuri, Mama."

Akasoma. Kapitene anasema balifika mu mugini ya bantu ya ile inchi, bantu benye balikuwa pale zamani, mbele bazungu bafike. Bantu balishakimbia. Mukubwa yabo akaamuru, Kapitene na basolda yake bakachoma mahindi. Ya mu bighala, ya mu mashamba, yote. Kapitene anamuandikia bibi yake moshi ilikuwa na harufu ya kyakula, na njaa ikamushika.

Hakuna mwenye alicheka. Pale pa viti hakukuwa mama hata moya mwenye hakuona mahindi ya bantu inaunguwa, ao yake mwenyewe. Planton akasimama kule mbali kwenye alikuwa hasikie kintu. Akaingia mu salon. Tukamuona pa dirisha: anakamata picha ya Kapitene, anaigeuza uso ku ukuta.

"Utaangalia ukuta," anamuambia.

Kipwa muzima. Bageni banaingia, banauliza: "Muzee, picha yako iligeuka?" Anajibu sawa mwalimu mwenye anapatia mutoto azabu: "Eko mu punition." Lakini makaratasi akaendelea kuyaanika. Hata ile barua. Nikamuuliza juu ya nini haichome. Akaniangalia sawa minye njo nilichoma ile mahindi. "Yeye alichoma, sasa na minye nichome?"

Sasa ingia mu nyumba yangu. Mutoto yangu mwanaume anatumika kule Kakontwe ku majiwe ya simenti, anarudiaka mweupe sawa muntu ya unga. Mukati ya ile kipwa bibi yake akazaa mutoto mwanamuke. Mutoto ya kulia! Hakuwa na homa, hakuwa na tumbo, ku hospitali bakasema muzima kabisa. Analia asubui, analia saa sita, analia na ziwa ya mama yake mu kinywa. Sisi tukaelewa. Kwetu, mutoto akilia vile bila ugonjwa, ni nkambo moya alirudia na anatafuta jina yake. Tunaikala, tunataja majina ya bafu moya-moya. Pale mutoto ananyamaza, njo ule.

Tukataja mama yangu: akalia zaidi. Ni kweli mama yangu alikuwa vile. Tukataja baba ya bwana yangu: akatapika. Nikasema, ule njo alistahili. Tukataja upande ya mama yake, tukataja batantine, bale bashangazi, tukataja nkambo moya mwenye hakuna alimukumbuka muzuri. Kulia tu. Planton akatokea pa mulango, nywele ya kusimama, juu kelele ilimuamusha.

"Na mulijaribu Kapitene?" anasema, kwa kutucheka.

Mutoto akanyamaza.

Kwikwi moya. Akafungua macho, akaangalia Planton. Mama mukwe ya mutoto yangu mwanaume akasema labda alichoka. Tukataja tena mama yangu: akafungua kinywa, alie. "Kapitene!" Kimya. Mutoto yangu mwanaume alikuwa anaingia kutoka kazi, simenti paka mu masikio. Tukamuambia. Ah, alipiga kelele!

"Mutoto yangu mwanamuke! Kapitene! Muzungu! Na ule mwenye alichoma mahindi ya bantu! Planton, ulileta nini mu nyumba yangu?"

Planton akarudia nyuma hatua moya. Nilizani atakimbia. Akasema, na mara hii hakusemea mu pua: "Njo juu ya ile mahindi alirudia. Kama angerudia kwabo, nani angemufundisha kulima?"

Mutoto yangu mwanaume akavua viatu yake ya kazi. Akaenda kuoga. Na Planton akaenda kwake, akageuza picha.

Njo vile niko na mujikulu yangu, Kapitene. Leo anasoma ku masomo ya primaire, meno ya mbele ilianguka, na anaamuru bantu! Hakuna mutoto ya kuamuru vile. Bantu bazima banamuita mu balabala: "Kapitene, mama yako anakutafuta!" Planton akipita, anafunga miguu pamoya: "Mon capitaine." Na yeye, bila kumuangalia: "Planton, leta maji." Muzee mwenye bibi yake anaomba maji miaka yote! Anakimbia na kikombe.

Na kila mwaka mvula ikikuya, Planton anatafuta mbegu ya muzuri kule Kapolowe, anaileta. Mutoto anapanda pembeni ya ukuta, Planton anasimama yulu yake na ile fimbo yake. "Chimba, Kapitene. Funika, Kapitene. Palilia! Ukichoka unafikiri bale bantu hawakuchoka?" Mutoto analia, anapalilia. Mahindi ikiiva hatuikule sisi. Anaizungusha mu kitunga, anapatia kila nyumba. Mutoto yangu mwanaume anaangalia pa mulango.

Basi, mwaka hii, telefone ya pasteri ikalia. Mwanamuke moya kule Amerika, mujikulu ya ndugu ya Mademoiselle, anatafuta makaratasi ya Kapitene. Anakuya Lubumbashi kwa kazi ya kanisa, atapanda paka Likasi. Anauliza kama ile sanduku ingali.

Quartier ikafurahi sawa ni ndoa. Planton akaanguka mugonjwa. Hakula, hakunywa hata munkoyo. Nikaenda kumutukana kidogo, nikamukuta ku kitanda, uso ku ukuta.

"Bwana yangu ya bule, na weye uko mu punition?"

"Niache, Mama."

Nikaikala. Ule muzee hakuniambiaka "niache" hata siku moya. Kisha akasema, kule kule ku ukuta: "Mademoiselle alisema jamaa. Mu mikono. Miaka yote niko nangoya paka ile siku. Na ile siku inakuya sasa, na Kapitene mwenyewe eko hapa. Analala nyumba ya tatu. Anakula bukari yako. Nikipatia mwingine, niliiba makaratasi ya muntu mwenye eko muzima. Nikikatala, sikupeleka. Nitakufwa na papier ya bantu mu nyumba yangu. Ile ni planton gani?"

Sikumucheka. Minye pia nilikuwa na woga yangu. Mutoto yangu mwanaume alikuwa anasema kila asubui: "Babebe yote, baende nayo! Sanduku, picha, na jina yabo! Minye nitatafutia binti yangu jina ingine." Na minye najiuliza: jina ikienda, mutoto atabakia na nani? Ile kilio yake ya zamani, minye naikumbuka.

"Utafanya nini, Planton?"

"Nitapeleka."

"Kwa nani?"

Akajifunika kichwa na blanketi.

Ule mama ya Amerika akafika na gari ya pasteri. Murefu, sawa Mademoiselle, na viatu ya kutembea mu milima. Swahili alijifunza kule mashariki, ile Swahili ya kuvaa kravati. Anatoka mu gari, anainama: "Shikamooni wazee wangu! Nimefurahi mno kuonana nanyi. Poleni kwa usumbufu!" Batoto bakanyamaza, bakatoa bikofia: bakazani anasoma Biblia.

Tukamuikalisha pa kiti ya muzuri. Lupangu ilijaa. Mutoto yangu alirudia mbele ya saa, na simenti yake, akasimama pa mulango, mikono ya kukunja. Mujikulu yangu alikuwa pa mukeka na robe ya masomo, anakwaruza goti yenye mbu ilimuuma.

Planton akatoka. Shemizi ya khaki, bibi yake aliipiga pasi ya makala, mistari inasimama sawa kisu. Bavijana banataka kumusaidia sanduku, akabafukuza na jicho. Akaikokota yeye peke, sanduku inalia mu michanga: kwaa, kwaa. Ule mama akasimama, machozi ilishakuya, akanyoosha mikono.

Planton akapita mbele yake. Hakumuangalia. Akafika ku mukeka, akakohoa.

"Voilà. Papier. Mu mikono, mon capitaine."

Akakamata mikono ya mujikulu yangu, akaiweka yulu ya sanduku.

Ule mama akaangalia pasteri. Pasteri akaangalia mawingu. Basi ni minye nikasimama.

"Mama," namuambia, "huyu ni nkambo yako. Musalimie."

"Samahani, Bibi, sielewi."

Nikamuelezea: kulia, majina, mama yangu, kutapika, kunyamaza. Pasteri akatia kingereza pale Swahili yangu ilimupita. Ule mama akacheka. Kisha akaona hakuna mwenye anacheka, hata minye. Akaangalia mutoto: meno ya mbele hakuna, goti ya kukwaruza, mikono mbili yulu ya sanduku. Akaacha kucheka. Akapiga magoti mu vumbi na ile suruali yake ya safari.

"Shikamoo, Babu," anasema.

Mujikulu yangu akaniangalia. Nikamuambia ku sikio: itika. "Eee," akaitika.

"Babu, ninaomba barua zako. Nizipeleke nyumbani. Kuna nyumba kubwa ya kutunza karatasi za wazee. Watu wengi watazisoma."

"Kule muko muchwa?" mutoto anauliza.

"Hapana. Hakuna mchwa."

"Mvula inaingia?"

"Haiingii."

"Bataisoma yote? Na ile mubaya?"

Ule mama akaangalia sanduku. "Yote, Babu."

Mutoto akafikiri. Weye hauyue vile mutoto anaweza kufikiri saa roho yako iko mu kinywa. Nikaona mutoto yangu mwanaume pa mulango, hakukunja mikono tena. Nikaona Planton, macho yake mbele, hapeleki kichwa huku wala kule.

"Planton!"

"Mon capitaine."

"Pelekea ule mama. Yote. Picha ibakie."

Mutoto yangu mwanaume, ule mwenye alitaka babebe na jina, nikamusikia nyuma yangu anasema polepole: "Eee. Picha ibakie."

Na Planton akainama, akakokota tena sanduku. Haikuwa mbali, ni kupita tu lupangu, paka pa kiti. Lakini vile alitembea! Mabega yulu, tumbo mbele. Akafika. Sanduku haiwezi kuingia mu mikono ya muntu, basi akaifungua, akatoa karatasi moya, akakohoa, akaiweka mu viganja ya ule mama, na akashikilia mikono yake kwa inje, paka akaona vidole inafunga.

"Voilà," akasema. "Papier."

Bikelekele! Bantu bakaanza kuimba, bibi yake akaleta bukari na sombe, pasteri akatafuta pa kuombea, hakuna mwenye alimusikiliza. Ule mama analia na anakula, anakula na analia. Batoto banasukumana banataka kuona farasi.

Planton alikuwa angali anasimama. Pale pale, mu jua, mugongo sawa mulingoti.

"Planton, kuya kula!" bibi yake anapiga filimbi. Hapana.

"Mzee, karibu kiti," ule mama anamuambia. Hapana.

"Jua itamuangusha ule muzee," bantu banasema. "Anataka nini tena?"

Minye nilimuangalia. Na minye mwenye nilimucheka miaka yote, njo niliona. Planton hatokake mbele ya mukubwa paka mukubwa amupatie ruhusa, na mukubwa yake alikuwa anakula sombe na vidole, alishamusahau. Nikaenda kwa mujikulu yangu, nikamuambia ku sikio. Akafuta mikono ku robe, akasimama.

"Planton."

"Mon capitaine."

"Kazi iliisha. Enda upumuzike."

Akafunga miguu pamoya. Akageuka, akaenda kwake polepole, na mikono ya bule, haiyui pa kuikala. Bantu bakamupisha njia. Mulango ikafunga.

Ile siku sikumutukana. Nilingoya paka kesho asubui.